Tiba mtandao kwa hospitali ya wilaya: mwongozo kamili wa kumfikia daktari bingwa aliye mbali

Mwaka 1999 hospitali ya watu waliopooza iliyoko Savar, nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh, iliunganishwa na madaktari bingwa wa Uingereza kwa kamera ya kidijitali, stendi ya kamera na barua pepe. Basi. Mfuko wa hisani wa Swinfen, ulioundwa mwaka mmoja kabla, ndio uliotafuta mabingwa waliokubali kujibu bila malipo. Katika mwaka wa kwanza mabingwa hao waliulizwa kuhusu wagonjwa 27. Maswali yote yalipata jibu ndani ya siku 3, na wagonjwa 4 na familia zao waliepushwa gharama ya kwenda nje ya nchi kutafuta ushauri wa pili.

Vifaa hivyo leo vimo ndani ya simu ya ofisa tabibu yeyote. Hata hivyo zipo hospitali ambazo bado zinasubiri mradi ulete chumba chenye kiyoyozi na skrini ya ukutani ndipo zianze. Mwongozo huu ni wa wasiotaka kusubiri: mganga mfawidhi wa hospitali ya wilaya au ya misheni, ofisa tabibu, muuguzi kiongozi, na vilevile daktari bingwa mzaliwa wa kwetu aliye Muscat, Birmingham au Minneapolis anayetamani ujuzi wake ufike nyumbani.

Msimamo wangu nausema mapema. Mtandao mbovu huua tiba mtandao, lakini wauaji wakubwa ni swali lililoulizwa vibaya na jibu lisilofika kitandani kwa mgonjwa. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye picha, kwenye namna ya kuandika kesi, na kwenye yanayofuata baada ya bingwa kujibu. Mambo ya vifaa nitayapitia haraka.

Chagua njia kabla ya kununua chochote

Njia ya kwanza ni ya papo kwa papo: bingwa na mgonjwa wanaonana kwa video. Inapendeza, na kwa afya ya akili au kwa mgonjwa anayehitaji kuonyesha anavyotembea inafaa kweli. Lakini inadai watu watatu wawe huru saa ileile, umeme uwepo na mtandao usiyumbe. Hospitali yenye ofisa tabibu mmoja zamu ya mchana haiwezi kuahidi hayo kila wiki.

Njia ya pili ni ya kutuma na kusubiri. Unaandika kesi, unaambatisha picha, unatuma. Bingwa anajibu akipata nafasi, hata usiku. Hii ndiyo iliyotumika Savar, na ndiyo ninayoipendekeza kwa kila anayeanza. Mtandao ukikatika saa nzima hakuna kilichoharibika. Isitoshe, kila kitu kinabaki kimeandikwa.

Ya tatu ni darasa la kesi, ambapo vituo vingi vinakutana na jopo la mabingwa kwa ratiba maalumu. Nitaieleza mwishoni, maana haifai kuwa hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Soma daftari lenu la rufaa

Chukua daftari la rufaa la miezi sita iliyopita. Kaa na muuguzi anayelijua vizuri, mpitie jina kwa jina. Kwa kila mgonjwa jiulizeni mambo matatu: alipelekwa kwa sababu gani, alifika kweli, na alichofanyiwa kule kingeweza kufanyika hapa kama mngeelekezwa? Wengi mtagundua hawakufika. Nauli ilikosekana, mazao yalikuwa shambani, au mume alikataa. Hao ndio wa kuwafikiria kwanza.

Baada ya hapo chagueni fani mbili tu. Zinazokubali vizuri njia ya kutuma na kusubiri ni zile ambazo sehemu kubwa ya uamuzi inatokana na kuona: magonjwa ya ngozi, eksirei, vipande vya nyama vinavyosomwa kwa darubini, kipimo cha umeme wa moyo, na vidonda sugu. Magonjwa ya watoto pia yanafaa, ingawa hapo maelezo yana uzito kuliko picha.

Kuna yasiyofaa kabisa. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hasubiri barua pepe. Tumbo lililokaza ghafla, mtoto anayepumua kwa shida, jeraha la kichwa lenye kupoteza fahamu: hao hupigiwa simu, huwekwa sawa kwa mwongozo uliopo, huondoka kwa gari la wagonjwa. Andikeni orodha hiyo mbandike ukutani, ili kijana mgeni wa zamu asije akakaa anapiga picha wakati alipaswa kuita dereva.

Hatua ya 2: Tafuta bingwa, na anza na wa karibu

Watu wengi wakisikia tiba mtandao wanafikiria Ulaya. Mimi nasema anza na hospitali ya kanda. Kwa magonjwa ya ngozi, KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Moshi, Tanzania, ina kituo cha kanda cha mafunzo kilichofunguliwa mwaka 1992, na wataalamu waliosoma pale wamesambaa nchi nyingi za Afrika. Wameona ngozi nyeusi maisha yao yote ya kazi. Ngozi inapovimba kwa mtu mweusi, wekundu unaosimuliwa vitabuni huonekana kama zambarau, kijivu au weusi uliokolea, na bingwa aliyefundishwa kwa picha za wazungu anaweza kuupita bila kuutambua. Bingwa wa karibu pia anajua dawa gani zipo bohari na kipimo gani kinapatikana mkoani. Jibu zuri lenye dawa isiyopatikana halimsaidii mgonjwa.

Bingwa wa mbali ana nafasi yake pale ambapo fani haipo nchini au waliopo ni wachache mno. Patholojia, yaani fani ya kutambua ugonjwa kwa kusoma vipande vya nyama kwa darubini, ni mfano wa wazi. Hospitali ya taifa ya rufaa iliyoko Honiara, visiwa vya Solomon, haikuwa na mwanapatholojia hata mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilianza kupiga picha za vipande vya nyama kupitia darubini na kuzituma kwa mfumo wa iPath, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi. Awali kila mwanapatholojia aliingia alipokumbuka, na jibu la kawaida lilichukua kama saa 28. Walipojipanga kwa zamu, ikajulikana nani anawajibika wiki gani, muda ukashuka hadi saa 8 na nusu. Watu walikuwa walewale na mtandao uleule. Kilichobadilika ni ratiba.

Kwa hiyo usitafute bingwa mmoja mwema. Tafuta watatu au wanne wa fani moja wenye zamu. Bingwa mmoja akipata mtoto, akihama kazi au akichoka, huduma yenu yote inalala.

Makubaliano yenu yawe ya ukurasa mmoja, yenye sahihi za pande zote. Yataje fani, muda wa juu wa kujibu (siku 2 za kazi ni haki), lugha ya kuandikia, nani anashika zamu, njia ya kutuma, na kwamba uamuzi wa mwisho wa matibabu ni wa tabibu aliye na mgonjwa. Hili la mwisho msilipitie kijuujuu. Bingwa hajamgusa mgonjwa, anashauri. Tabibu aliyemgusa ndiye anayejua kama ushauri unalingana na aliyoyaona. Halafu hakikisheni kwamba kila anayeshauri ana leseni hai katika nchi yake, na mwulizeni msajili wa baraza la madaktari la nchi yenu anataka nini kwa bingwa wa nje. Kwa kuwa utaratibu hubadilika, ombeni jibu la maandishi mlihifadhi kwenye faili.

Hatua ya 3: Mpate mratibu

Huyu ndiye roho ya kazi, na mara nyingi si daktari. Muuguzi makini au mtu wa kumbukumbu anafaa zaidi, kwa sababu hahamishwi kila mwaka wala haitwi chumba cha upasuaji katikati ya kazi. Anapokea kesi kutoka wodini, anakagua kama picha zinaonekana, anaondoa majina, anatuma, anamkumbusha bingwa wa zamu muda ukikaribia kuisha, na jibu likifika analipeleka kwa tabibu mkononi. Mtengee saa maalumu kwenye ratiba ya kazi, mfano kila siku kuanzia saa 8 hadi saa 10 mchana. Ukimwambia afanye akipata nafasi, hataipata.

Hatua ya 4: Vifaa

Simu janja moja ya hospitali, isiyo ya mtu binafsi, yenye kamera nzuri na nywila. Kompyuta ndogo. Betri ya akiba au sola kwa siku ambazo umeme unakatika. Bando la mwezi linalolipwa kwenye bajeti ya hospitali na si mfukoni mwa muuguzi. Kitambaa cha kijani au bluu kisichong'aa cha kutandika nyuma ya kiungo kinachopigwa picha. Rula fupi za karatasi. Kama mtatuma picha za darubini, kishikio cha kufunga simu kwenye lenzi ya macho.

Kuhusu njia ya kutuma: makundi ya WhatsApp ni mepesi na ndiyo yaliyozoeleka, lakini kesi zinachanganyika na salamu za sikukuu, picha zinapunguzwa ubora, na mtu aliyeacha kazi anabaki na wagonjwa wote ndani ya simu yake. Mfumo maalumu wa kesi, ambapo kila mtu ana nywila yake na kila kesi ina namba, ni bora mara nyingi. Mkilazimika kuanza na WhatsApp, tumeni picha kama hati ili zisibanwe, na futeni kwenye simu kila Ijumaa baada ya kuhifadhi kwenye kompyuta.

Hatua ya 5: Ridhaa na siri ya mgonjwa

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na ya Afya ya Kidijitali ya 2023, Uganda nayo ina yake ya 2019. Zote zinazipa taarifa za afya ulinzi wa juu zaidi, na kuzivusha mpaka kuna masharti yake. Mwanasheria wa halmashauri aisome ya nchi yenu pamoja nanyi kabla ya kesi ya kwanza.

Ila sheria haitoshi. Mgonjwa anapaswa kuelewa. Mwambie kwa maneno ya kawaida: "Mama, ugonjwa huu nataka kumwuliza daktari mwingine aliye mbali. Nitampelekea picha ya mguu wako na maelezo, jina lako sitaliandika. Ukikataa, nitaendelea kukutibu kama kawaida." Kisha nyamaza umsikilize. Kama anakubali, asaini au aweke dole gumba. Kama picha itatumika pia kufundishia, hiyo ni ridhaa nyingine, iulize peke yake. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayeridhia, lakini mtoto mkubwa aulizwe naye.

Jina si kitu pekee kinachomtambulisha mtu. Kovu la usoni, chale, kanga yenye maandishi, kadi ya kliniki iliyosahaulika kitandani, vyote humtaja. Zima huduma ya mahali kwenye kamera ya simu, vinginevyo kila picha inabeba ndani yake ramani ya kijiji. Eksirei za kidijitali ni hatari zaidi: jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hospitali vimefichwa ndani ya faili lenyewe hata kama havionekani kwenye picha. Programu huria ya Orthanc, iliyozaliwa katika hospitali ya chuo kikuu cha Liège nchini Ubelgiji, inaweza kuyaondoa. Ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida.

Hatua ya 6: Piga picha ambayo bingwa anaweza kuitumia

Hapa ndipo kesi nyingi huharibikia.

*Ngozi na vidonda.* Tumia mwanga wa mchana kivulini au karibu na dirisha. Jua kali linang'arisha ngozi, na taa ya kamera inafuta vivimbe vidogo. Piga picha tatu. Ya kwanza ionyeshe sehemu yote ya mwili, mfano mgongo mzima, ili bingwa aone mtawanyiko. Ya pili iwe ya umbali wa wastani. Ya tatu iwe ya karibu, rula ikiwa pembeni ya baka, kamera ikitazama moja kwa moja kutoka juu. Kama kuna uvimbe, ongeza moja kutoka ubavuni. Gusa skrini juu ya baka lenyewe ili kamera ishike hapo. Kwa ngozi nyeusi juu ya shuka jeupe, kamera huizingatia shuka na mwili unatoka giza. Ndiyo sababu ya kile kitambaa cha kijani. Piga pia upande wa pili wa mwili usio na ugonjwa, ili kuwe na cha kulinganisha. Halafu kuza picha hapohapo mgonjwa akiwa bado amekaa. Ikiwa na ukungu, rudia.

*Eksirei ya filamu.* Iweke kwenye kisanduku cha mwanga, zima taa za chumba, funga pazia, zima taa ya simu. Kama kisanduku kimeharibika, skrini ya kompyuta yenye ukurasa mweupe inasaidia. Simama sawasawa, kamera isiinamishwe. Piga filamu nzima kwanza, kona zote nne zionekane pamoja na alama ya kulia au kushoto, ukifunika jina kwa kipande cha karatasi. Kisha piga sehemu unayoitilia shaka. Andika kama mgonjwa alikuwa amesimama au amelala, kwani moyo huonekana mkubwa kwa aliyelala.

*Umeme wa moyo.* Nyoosha karatasi juu ya meza, bila mikunjo. Miraba midogo yote ionekane. Taja kasi ya karatasi na kipimo cha wima. Kawaida ni milimita 25 kwa sekunde na milimita 10 kwa milivolti, lakini mtu akibadilisha kitufe bila kusema, bingwa atasoma kitu kingine kabisa.

*Darubini.* Anza na lenzi ndogo ya 4, panda 10, kisha 40. Anayeanza hukimbilia lenzi kubwa kwa kudhani ndiyo inayoonyesha ugonjwa, kumbe mwanapatholojia anahitaji kwanza kuona mpangilio wa nyama yote. Jambo la kukumbuka daima ni kwamba yeye anaona tu pale ulipochagua kumwonyesha. Tuma picha za sehemu nyingi, pamoja na zile unazodhani ni za kawaida. Na kipande kilichooza kabla ya kuwekwa kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi, hakiokolewi na kamera yoyote.

Picha za simu huwa na megabaiti 3 hadi 5. Zipunguze upana hadi pikseli 2,000 hivi. Zitashuka hadi karibu nusu megabaiti na bado zitasomeka. Picha halisi zibaki kwenye kompyuta, bingwa akitaka kubwa zaidi atasema.

Hatua ya 7: Andika kesi

Mficha uchi hazai. Mwambie bingwa yote unayoyajua, pamoja na dawa ulizompa zikashindwa, na za mitishamba kama alitumia. Lakini mwambie kwa ufupi na kwa mpangilio, kisha maliza kwa swali.

Ujumbe wa aina hii hauna faida: "Habari dokta, naomba ushauri, mgonjwa ana mabaka kwenye ngozi, picha hiyo." Bingwa atauliza maswali kumi, kila moja litachukua siku, na mgonjwa atakuwa amerudi kwao.

Linganisha na huu, wa mgonjwa wa kubuni:

> Kesi 014. Mwanamume, miaka 34, mvuvi.
>
> Shida: mabaka 3 yaliyofifia rangi, 1 shavu la kulia na 2 mgongoni, kwa miezi 8. Hayawashi. Hana homa.
>
> Nilichopima: nimegusa kwa ncha ya pamba akiwa amefumba macho. Baka la juu mgongoni hahisi kabisa, la chini anahisi kidogo, la usoni anahisi. Mshipa wa fahamu wa kiwiko cha kulia ni mnene kuliko wa kushoto na unauma ukibonyezwa. Nguvu za vidole ziko sawa mikono yote. Hana VVU.
>
> Alichotumia: dawa ya fangasi ya kupaka wiki 6 kutoka duka la dawa, bila nafuu.
>
> Kilichopo hapa: dawa mseto za ukoma, prednisoloni. Tunaweza kukata kipande cha ngozi, lakini majibu huchukua mwezi.
>
> Ninavyodhani: ukoma.
>
> Maswali: 1. Je, nianze dawa leo bila kusubiri kipande cha ngozi? 2. Mshipa unaouma, je, unahitaji prednisoloni sasa?

Tazama ile pamba. Kupotea kwa hisia kwenye baka ndiko kunakotenganisha ukoma na fangasi, na hakuna picha duniani inayoweza kukuonyesha hilo. Kidole cha tabibu ndicho kilichofanya nusu ya kazi. Baka la usoni kuhisi hakumtoi mgonjwa kwenye ukoma, maana uso una mishipa mingi ya fahamu. Bingwa ataliona hilo na kumfundisha mtumaji kwa sentensi moja. Na kwa kuwa dawa za ukoma hutolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani tangu 1995, jibu likifika mapema linaweza kuokoa mkono wa mvuvi huyu bila gharama ya dawa.

Kipengele cha "ninavyodhani" watu wanakiogopa. Wanaona aibu kukosea mbele ya bingwa. Kisirukwe. Bingwa akijua unavyofikiri, anasahihisha mahali palipopinda, na mwezi ujao hutahitaji kumwuliza jambo lilelile.

Lugha: na mabingwa wa Afrika Mashariki andika Kiswahili kama mnaelewana, majina ya magonjwa na dawa yakibaki kama yalivyo kwenye mwongozo wa tiba wa taifa. Kwa wa nje andika Kiingereza au Kifaransa chepesi, sentensi fupi.

Hatua ya 8: Tuma, ukijua saa za mwenzako

Andika saa kwa mtindo wa saa 24 kila unapopanga kukutana na mtu wa nje. Ukimwambia tukutane saa nane, wewe ukimaanisha mchana, yeye ataamka asubuhi kukusubiri. Andika 14:00, saa za Afrika Mashariki. Uingereza iko nyuma yetu saa 2 majira yao ya joto na saa 3 majira ya baridi. Oman iko mbele saa 1, na mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, hivyo kesi ya Alhamisi jioni inaweza kulala hadi Jumapili.

Mratibu aandike kwenye daftari: namba ya kesi, tarehe na saa ya kutuma, bingwa wa zamu, tarehe ya jibu. Siku ya 2 ikipita kimya, anakumbusha. Ya 3, anamwendea bingwa anayefuata kwenye orodha. Mgonjwa naye aambiwe tangu mwanzo lini arudi, na namba yake ya simu au ya jirani iandikwe. Jibu la dhahabu kwa mgonjwa asiyejulikana alipo ni kazi bure.

Hatua ya 9: Jibu lifike kitandani

Lichapishwe au liandikwe kwa mkono kwenye faili la mgonjwa, likiwa na tarehe na jina la aliyeshauri. Likibaki kwenye simu, tabibu wa zamu ya usiku hatalijua.

Tabibu alisome na kujiuliza: linalingana na nilichokigusa? Dawa ipo? Mgonjwa ataweza kuifuata? Kama kuna kisichoeleweka, rudisha swali siku hiyohiyo. Bingwa mwema hakasiriki kuulizwa tena. Hukasirika akigundua ushauri wake ulifuatwa bila kueleweka.

Baada ya wiki kadhaa, mwandikieni matokeo: amepona, hajapona, amefariki, au amepotea. Hapa vituo vingi huzembea, na mabingwa wengi huacha kujibu kimyakimya kwa sababu hii. Mtu anayejitolea usiku baada ya kazi yake anastahili kujua yule mtoto aliishia wapi. Pia bila matokeo hawezi kujua kama ushauri wake unafaa kwenye mazingira yenu.

Kwa bingwa uliye mbali

Kabla ya kujibu kesi ya kwanza, omba orodha ya dawa na vipimo vilivyopo hospitalini hapo, na uisome. Jibu kwa mpangilio huu: unachodhani, cha kufanya leo kwa kilichopo, dalili zinazomlazimu mgonjwa apelekwe mbele, halafu sentensi mbili za kufundisha kwa nini. Usimwagize CT skani aliyeko saa sita za barabara ya vumbi na mashine ilipo, isipokuwa kama majibu yake yatabadilisha matibabu kweli. Epuka sauti ya mtihani. Tabibu huyo anaona wagonjwa wengi kwa siku moja kuliko wewe, na mara nyingi amebeba wodi nzima peke yake. Mwite kama unavyomwita mwenzako kazini. Ukienda likizo, mwambie mratibu mapema.

Hatua ya 10: Ujuzi ubaki

Kesi zikishafika thelathini au arobaini mtaona zinajirudia. Sasa ndipo darasa linapofaa.

Sanjeev Arora, daktari wa ini wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Albuquerque, alianzisha Project ECHO mwaka 2003 kwa sababu wagonjwa wa homa ya ini C walikuwa wengi na kliniki yake haikuwatosha. Hakuwaona kwa video. Aliwakutanisha waganga wa vijijini na wa magerezani na jopo la mabingwa kila wiki, kila mmoja akileta kesi zake, wote wakisikiliza. Utafiti uliotolewa mwaka 2011 ulifuatilia wagonjwa 407: waliotibiwa chuo kikuu walipona kwa asilimia 57.5, na waliotibiwa na waganga wa vijijini na magerezani asilimia 58.2. Ugonjwa uliodhaniwa ni wa mabingwa peke yao ulitibiwa vijijini bila upungufu wowote. Marekani ni nchi tajiri, lakini New Mexico ina umaskini na umbali, na mtindo huo umeshachukuliwa na nchi nyingi, za Afrika zikiwamo.

Kwenu unaweza kuwa hivi: hospitali ya wilaya na vituo vya afya vitano, saa moja kila wiki mbili, kesi mbili, somo la dakika kumi. Atakayeleta kesi aitume kwa mratibu siku mbili kabla. Sauti ikitosha, zimeni video, bando litadumu. Wauguzi na ofisa tabibu wazungumze kwanza, bingwa mwisho. Akianza yeye, wengine watanyamaza.

Baada ya miezi mitatu

Kaeni na daftari la mratibu. Hesabuni kesi zilizotumwa, zilizojibiwa ndani ya muda, zilizobadilisha matibabu, rufaa zilizoepukwa, na rufaa zilizoharakishwa, maana kumpeleka mgonjwa wa saratani mapema nako ni faida. Angalieni nani anatuma. Kama ni mtu mmoja tu, mfundisheni wa pili kabla huyo hajahamishwa. Fani ambayo haikupata hata kesi tatu iachwe, muda wa mratibu upelekwe kwenye ile inayofanya kazi. Hesabu hizo zipelekeni kwenye kikao cha bajeti cha halmashauri pamoja na gharama ya bando, betri na saa za mratibu, ili mwaka wa fedha unaofuata viwe na kifungu chake.